Karanti za Nyuma ya Tangi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vyeupe. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi saba tu iliyopita, shahada ya kilimo cha bustani ikiwa ndani ya bahasha ya kaki, nami niliamini kwamba mtu aliyeajiriwa kwa shahada hukaa ofisini na kuwaelekeza wengine. Kitalu kilichoniajiri kilikuwa ukingoni mwa mji wa Kitale, upande wa Kibomet. Kilikuwa na ekari tatu za miche iliyopangwa kwa safu, tangi kubwa la maji, na ofisi ya mabati ambayo kufikia saa nne asubuhi haikukalika kwa joto. Ilikuwa Januari. Kabla ya chakula cha mchana viatu vyangu vilikuwa na rangi ya matofali.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Msimamizi wa Kitalu. Jamaa zake walitoka Nyeri wakahamia Trans-Nzoia yeye akiwa bado mgongoni mwa mamake, na alivaa kofia ya sufu mwaka mzima, jua liwake lisiwake. Alikuwa na mazoea ya kuzungumza na watu huku akihesabu miche, hivi kwamba hukujua kama tarakimu aliyoitaja ilikuwa yako au ya mche.

"Wewe ndiye wa digrii?"

"Ndiyo, bwana."

"Hapa hakuna bwana. Hapa kuna miche. Ukiona mche umenyauka usiniletee nadharia, uletee maji."

Kisha akanipa makasi ya kupogolea, yaani makasi mafupi yenye springi ya kukatia matawi, na kazi yangu ya kwanza. "Nyuma ya tangi kuna karanti kumi na mbili. Mwenye kazi hiyo, Mzee Ndiwa, amepanda mlimani kumzika dadake. Atakaa wiki nzima. Zikatwe kabla ya mvua. Na uchunge, zina mteja."

Vijana wengi watakaosoma haya wanaijua ladha ya karanti kutoka kwenye soda ya rangi ya zambarau, ingawa hawajawahi kukiona kichaka chake. Ni kichaka kifupi, hakipiti kifua cha mtu mzima. Hakina shina moja kama mparachichi. Hutoa fimbo nyingi kutoka ardhini, na tunda lake jeusi, lenye ukubwa wa punje ya njegere, huning'inia kwa vishada. Ukilisugua jani lake kati ya vidole, harufu yake haitoki mkononi hadi jioni. Asili yake ni nchi za baridi. Kwetu ulikuwa mmea wa bustani za nyumbani, ulioachwa hapa na pale na watu waliotamani matunda ya kwao, na walioutunza baada yao ni wachache.

Sikujua mengi ya haya siku ile. Chuoni karanti ilitajwa katika mstari mmoja wa mhadhara mmoja, miongoni mwa matunda ambayo mhadhiri alisema hatutakutana nayo. Nilichokijua ni kahawa. Nyumbani kwetu ni Matulo, karibu na Webuye, na wakati majirani wengi walipogeukia miwa, baba aling'ang'ania kahawa yake. Kahawa ina kanuni ambayo mtoto wa mkulima huijua kabla ya kujua kuandika jina lake: chagua mashina machache yenye nguvu, uyalee, na kila chipukizi linaloota chini uling'oe, kwa sababu linakula chakula cha shina bila kuzaa. Baba aliyaita machipukizi hayo wezi. Kila Jumamosi alitutuma shambani kukamata wezi.

Basi nilikwenda nyuma ya tangi nikawakamata wezi wote. Vichaka vilikuwa vimevuliwa majani, jambo ambalo sikuelewa sababu yake na sikuuliza. Kila kichaka kilikuwa na fimbo changa nyingi zilizonyooka, zenye gome la rangi ya kahawia nyepesi, na fimbo chache za zamani, nene, nyeusi, zenye mikunjo. Nilikata changa zote. Niliacha zile nyeusi, nne nne, nikazisafisha hadi zikasimama kama kahawa ya baba. Kazi hiyo ilinichukua siku tatu na kunipa malengelenge mawili. Fimbo nilizokata nilizirundika kwenye kivuli cha tangi, mahali palipolowa kila lilipofurika, nikamwagiza kibarua azichome zikikauka. Msimamizi alipita, akatazama, akasema, "Safi." Sidhani kama yeye alijua zaidi yangu. Karanti zilikuwa za Mzee Ndiwa, kila mtu alilijua hilo, na kitu kikiwa na mwenyewe wengine hawajifunzi.

Siku ya nane Mzee Ndiwa alirudi. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la suti lililochakaa na buti za mpira, mwenyeji wa miteremko ya Mlima Elgon juu ya Saboti. Alikuwa amezitunza karanti zile tangu kabla ya kitalu kuwa kitalu, bustani ilipokuwa ya nyumba ya mtu. Nilimfuata hadi nyuma ya tangi. Nakiri kwamba nilitaka kusifiwa.

Alivizunguka vichaka viwili vya kwanza.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, Mzee. Mimi ndiye ofisa mpya."

"Kwenu ni wapi?"

"Matulo."

"Baba analima nini?"

"Kahawa."

"Nimeona," akasema.

Akaliendea lile rundo. Alichukua fimbo moja, akalikwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba. Chini ya gome palikuwa kijani. Akaiweka kando. Akachukua nyingine.

"Hizi ulisema zifanyiwe nini?"

"Zichomwe."

"Ati zichomwe!" Alicheka bila furaha. "Wewe Digrii, hii unataka kuchoma ndiyo matunda ya Juni. Hiyo umeacha imesimama ni wazee. Wazee wanakula tu, kama mimi."

"Mbona hukuacha maagizo, Mzee?"

"Nilienda matanga, sikuenda harusi. Na wewe si uko na mdomo? Ungeuliza. Ungeuliza hata mbuzi."

Tofauti kati ya kahawa na karanti nyeusi ni hiyo, nami naieleza hapa ili asiwepo mwingine wa kuirudia. Kahawa hutunza shina na kuondoa machipukizi. Karanti nyeusi huzaa vizuri kwenye fimbo iliyoota mwaka uliotangulia. Kwa hiyo unayoiondoa, tena kutoka usawa wa ardhi, ni ile nyeusi iliyokwisha kuzaa, na unayoitunza ni ile changa. Nilikuwa nimekata mavuno nikaacha kuni.

Mzee Ndiwa alizichambua fimbo zenye uhai, akazikata vipande vya urefu wa shibiri mbili, akazifunga kwenye magunia mabichi. Aliomba nafasi ya kuzipanda kitaluni. Msimamizi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye miche: "Mzee, hiyo ni takataka. Hapa sina hata nafasi ya avokado. Beba ukitaka." Jioni ile Mzee aliyafunga magunia mawili nyuma ya baiskeli, akaelekea kwao.

Wala hakunishtaki. Msimamizi hakuambiwa lolote na yeyote kati yetu. Sababu ya Mzee sikuijua wakati huo. Yangu niliijua vyema: nilikuwa katika miezi sita ya majaribio, na kosa la wiki ya kwanza lingetosha kunirudisha Matulo na bahasha yangu.

Katika miezi iliyofuata alinifundisha. Hakufanya hivyo kwa upole, lakini hakunificha kitu. Alinionyesha kuweka matandazo, yaani kulifunika tabaka la juu la udongo kwa majani makavu, kwa sababu mizizi ya karanti hukaa juujuu na jembe huikata. Alinikataza kutumia jembe karibu na kichaka kabisa. Alinionyesha vidukari, wale wadudu wadogo wanaokunja majani ya nchani, na jinsi ya kuwaosha kwa maji ya sabuni asubuhi kabla ya jua kukaza. Juu ya yote alinifundisha kulaza. Mmea wa nchi za baridi hauchanui vyema usipolala, na Kitale hakuna theluji ya kuulaza. Mzee Ndiwa alifunga maji mwishoni mwa Novemba, na Januari alivua majani yote kwa mkono, moja moja, akisukuma kuelekea juu ili asivunje jicho la tawi. Vichaka vilibaki uchi hadi mvua za Machi, kisha vikaamka pamoja na kuchanua pamoja.

"Nani alikufundisha hii, Mzee?"

"Mbuzi."

"Mzee, niambie ukweli."

"Si nakwambia? Mwaka mmoja mbuzi waliingia, wakakula majani ya laini moja yote. Mwenye bustani alinitusi mpaka jioni. Halafu Juni hiyo laini ya mbuzi ndiyo ilizaa, zile zingine zikanitazama tu. Mwaka uliofuata nikafanya kazi ya mbuzi mwenyewe."

Juni ilipofika, vichaka vyangu vilikuwa na majani mazuri sana. Matunda yaliyopatikana yalijaza beseni moja. Mteja, mpishi wa hoteli moja ya watalii, aliliangalia lile beseni akaondoka nalo bila kuuliza la pili, na hakurudi. Msimamizi aliniita ofisini.

"Madam, andika ripoti. Nataka kujua kwa nini karanti zimekataa. Nataka sababu, sitaki hadithi."

Niliiandika siku hiyo hiyo. Ilikuwa na sentensi tatu: Vichaka vimezeeka. Uzalishaji umeshuka kiasi cha kutofaa. Inapendekezwa ving'olewe. Nilipoiandika nilijua kwamba fimbo changa zilikuwa zimeota upya, na kwamba ulihitajika mwaka mmoja tu wa subira ili vichaka vile vizae kama zamani. Safari hii sikukosea kwa kutojua. Januari nilikosea kwa kutojua. Juni nilidanganya nikijua. Ni makosa mawili tofauti, na kwa muda mrefu nilijizoeza kuyaona kama moja.

Msimamizi aliisoma akiwa amesimama. "Hii ndiyo nilitaka. Fupi."

"Na Mzee Ndiwa?"

"Mzee ni wa karanti. Karanti zikienda, naye aende akapumzike. Si wewe mwenyewe umeandika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nakumbuka kwamba kulikuwa na kalenda ukutani nyuma yake, nami niliisoma.

Agosti karanti ziling'olewa kwa jembe la meno. Aliyeng'oa alikuwa Mzee Ndiwa. Hakuna mwingine aliyejua mizizi ilikokwenda. Alifanya kazi hiyo kwa utaratibu uleule aliotumia kwa kila kitu, akavipanga visiki kando ya njia, akaosha jembe, akalirudisha stoo. Aliponipita mlangoni alisimama na baiskeli yake.

"Haya, Digrii. Nisalimie baba. Mwambie kahawa yake iko na mtu anajua kuikata."

Miche ya avokado ilipangwa nyuma ya tangi kabla ya wiki kwisha. Mimi nilithibitishwa kazini mwezi uo huo.

Nilikaa kitaluni miaka minne, kisha nikaingia katika utumishi wa serikali, nikapelekwa Saboti kuwasaidia kina mama kuanzisha bustani za nyumbani. Mkuu wangu wa pili alikuwa Ofisa wa Kilimo wa Tarafa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Alinipa agizo moja ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Ukifika kwa mama wa watu, usianze na kalamu. Anza na chai."

Nilianza na chai kwa Mama Selina, mkulima mjane mwenye nusu ekari. Nilipoinua macho kutoka kwenye kikombe niliona karanti sita nyuma ya jikoni yake, zimekatwa sawasawa, fimbo nyeusi zimeondolewa usawa wa ardhi.

"Hizi umezitoa wapi, Mama?"

"Kwa mzee mmoja huko juu. Anaitwa Ndiwa. Lakini huyo mzee ana maringo, we! Hakupi mche mpaka umwonyeshe na kidole mahali utakata. Ukionyesha vibaya anakwambia nenda nyumbani, rudi mwaka ujao. Mimi nilirudi mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara ya kwanza nilionyesha ile changa. Aliniuliza kama kwetu tunalima kahawa."

Nilikunywa chai yangu. Mama Selina aliniambia kwamba kwa mzee si mbali, mwendo wa saa moja kwa miguu, na akajitolea kunipeleka. Nilisema tungekwenda siku nyingine.

Niliishi Saboti miaka sita. Katika miaka hiyo nilizikuta karanti za Mzee Ndiwa katika boma baada ya boma, zikiwa zimezaliwa na yale magunia mawili, nami nilizifanya kuwa sehemu ya mafunzo yangu. Niliwafundisha wakulima kulaza. Nilichora michoro. Katika siku moja ya maonyesho ya wakulima, Ofisa wa Tarafa alinishika bega mbele ya wageni, akaniuliza, "Madam, hii ya kuvua majani ni akili yako?" Nikajibu, "Ni mbinu ya huku huku." Jibu hilo lilikuwa kweli, na nililichagua kwa sababu lilikuwa kweli bila kumtaja mtu. Mwaka uliofuata nilipandishwa cheo. Saa moja kwa miguu, miaka sita, na sikupanda ule mlima.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Bungoma mjini, nikawa mkuu wa mazao ya bustani. Nilijaribu kupeleka karanti huko na zikanishinda. Mwinuko wa Bungoma ni mdogo na joto lake ni la kahawa na ndizi. Vichaka vilitoa majani mwaka mzima, vikakataa kulala hata nilipovivua. Mkuu wangu wa tatu, Mkurugenzi Msaidizi, mwenyeji wa huko huko na mtu wa utani mkavu, alivitazama kwa misimu miwili akanihurumia. "Madam, hapa si friji, bana. Wachana na hizi. Tupatie ndizi." Nikawapatia ndizi. Nilifanya kazi hiyo vyema, na barua yangu ya kuagwa inasema hivyo.

Nilistaafu nikiwa na umri wa miaka hamsini, kwa hiari, mapema kuliko wenzangu wengi. Nilikuwa nimejenga Kibomet, mita mia chache kutoka kilipokuwa kile kitalu, ambacho sasa ni nyumba za kupanga. Vijana huniuliza nini nimejifunza katika kazi ya karibu miaka ishirini na mitano. Hutarajia nizungumze juu ya mbegu na udongo. Nimejifunza kwamba elimu ya kilimo mara nyingi hukaa kwa mtu mmoja asiyeiandika, na kwamba anayeandika ana uwezo wa kumfuta mtu huyo kwa sentensi tatu. Mkulima akikosea, shamba humwonyesha. Ofisa akikosea, shamba humwonyesha mtu mwingine.

Bustani ya mstaafu ina nafasi ya kila kitu. Nilipanda sukuma, matunda damu, mchaichai. Nilitaka karanti. Niliuliza Kitale nzima, na kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: nenda kwa yule mzee wa juu ya Saboti, kama bado yupo. Hivyo ndivyo nilivyopanda mlima hatimaye. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ndiyo iliyonipeleka. Nilikwenda kutafuta mche.

Ilikuwa Januari tena. Bodaboda ilinifikisha pale barabara inapokatika, nikamalizia kwa miguu nikiwa na viatu vilivyofaa. Boma lilikuwa kwenye mteremko, ukungu bado haujaondoka. Kati ya jiko na zizi palikuwa na safu nne za karanti, na nilijua kabla ya kubisha hodi kwamba hazikuguswa tangu mwaka juzi: majani yalikuwa bado juu yake, fimbo nyeusi zimesongamana, changa zimekonda katikati kwa kukosa mwanga.

Aliyenipokea alikuwa Kibet, mwanawe Mzee, mtu mzima wa miaka arobaini hivi aliyeshika jembe la meno.

"Karibu, Mama. Umekuja kwa mambo ya miche? Umechelewa kidogo. Nang'oa hizi wiki hii niweke viazi."

"Kwa nini?"

"Zimezeeka."

Sikuwa nimelisikia neno hilo likitamkwa na mtu mwingine kuhusu karanti zile. Nilimwomba anipeleke kwa babake.

Mzee Ndiwa alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, blanketi mabegani. Mikono yake ilitetemeka sana; kikombe alikishika kwa mikono miwili na bado chai ilimwagika. Macho yalikuwa mazima. Alinitazama kutoka viatuni hadi usoni.

"Digrii."

"Ni mimi, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Baba hajambo?"

"Alishafariki, Mzee."

"Pole. Na kahawa?"

"Imeng'olewa. Ndugu yangu aliweka miwa."

Alitikisa kichwa kana kwamba hilo alilitarajia. Niliketi kwenye gogo, nikamwambia. Nilimwambia kuhusu ripoti, sentensi zote tatu, na kwamba nilijua. Nilimwambia kuhusu maonyesho ya wakulima, na kwamba sasa ninakaa Kibomet. Sikuchukua muda mrefu. Jambo nililolibeba miaka yote hiyo lilimalizika kwa dakika tano.

"Ripoti nilisikia," akasema. "Msimamizi alinisomea siku ya kuniachisha. Nilijua ni uongo, nikajua ni wako. Ile kazi ya Januari nilikunyamazia ndiyo uje useme mwenyewe. Nilikungoja mpaka Agosti." Akanywa chai kidogo. "Halafu nikasikia uko Saboti. Nikasema, atakuja. Saboti si mbali."

"Si mbali, Mzee."

"Miaka sita. Hata mguu ukiwa mbovu unafika."

Mzee alijiinua kwa fimbo yake, akaniongoza hadi kwenye safu ya kwanza. Kibet alitufuata na jembe lake.

"Onyesha. Na kidole."

Niliinama. Nilionyesha fimbo nyeusi, ya kwanza, ya pili, ya tano, nikigusa kila moja pale inapokutana na udongo. Nilizipita changa bila kuzigusa. Kibet alisema, "Si basi hakutabaki kitu?" Babake aliniacha nionyeshe kichaka kizima, na cha pili.

"Huyu kijana hanisikii," akasema hatimaye. "Ananiambia wewe ni mzee, karanti ni mzee, wote mpumzike. Lakini karatasi anasikia. Ameenda shule. Wewe ni mtu wa ripoti, si ndiyo? Andika."

Kibet, akitabasamu kwa aibu, alileta daftari la mmoja wa watoto wake na kalamu. Niliandika nikiwa nimelilaza juu ya goti. Nilipomaliza nilimpa Kibet, lakini Mzee alikataa kwa mkono. "Soma wewe. Kwa sauti."

Nilisoma: Karanti kumi na mbili za nyuma ya tangi hazikuwa zimezeeka. Nilizikata mimi, nikazikata kama kahawa. Mzee Ndiwa hakuwa na kosa, nami nilijua hivyo siku niliyoandika vingine. Karanti zilizo hapa pia hazijazeeka. Ziondolewe fimbo nyeusi, zivuliwe majani, zingojwe mwaka mmoja.

Kibet alinitazama, kisha akamtazama babake. "Baba, wewe ulituambia uliacha kazi mwenyewe."

"Ningewaambia nini?"

Kibet alilitia jembe chini ya paa la zizi, taratibu. "Mwaka mmoja tu, Mama?"

"Mmoja."

"Na zikikataa?"

"Zikikataa," alisema Mzee, "utamfuata huyu huko Kibomet umpandie viazi sebuleni. Haya, Digrii. Kesho uje mapema na makasi. Laini ni nne, na mimi sina mikono."

Mche hakunipa, nami sikuomba. Nilikuwa nimekwisha kuichana karatasi kutoka kwenye daftari na kuikunja ili nimpe Kibet, ndipo Mzee Ndiwa aliponinyooshea fimbo yake.

"Ngoja. Hapo juu. Pale umeandika juu yangu."

Niliikunjua.

"Soma tena."